Kujaza maji ya rejeta na kutoa upepo: ninavyofanya kwenye Corolla 110 yangu

Niliwahi kubadilishiwa hozi ya juu ya rejeta gereji moja Dar. Fundi akamimina maji mpaka yakafika mdomoni, akafunga mfuniko, nikalipa. Kesho yake napanda mlima wa Kitonga nimebeba mzigo, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikafungua hita ili ipunguze joto, ikapuliza baridi. Injini inachemka, hita inatoa baridi: maana yake maji hayafiki kwenye hita, kuna upepo umekaa njiani. Tangu siku hiyo kazi hii naifanya mwenyewe.

Anza asubuhi, gari ikiwa imelala usiku kucha. Mfuniko wa rejeta yenye moto usiuguse kabisa. Maji yale yamebanwa kwa presha, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua yanageuka mvuke hapo hapo na kukurukia usoni.

Weka beseni chini ya rejeta, fungua koki ya chini, kisha mfuniko wa juu ili yatoke vizuri. Beseni liwe mbali na watoto na mbwa. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ina ladha tamu na ni sumu, kwa hiyo usiimwage uani wala mtaroni.

Funga koki. Kwa mchanganyiko, mimi hutumia nusu kulanti, nusu maji safi yaliyochujwa madini. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, yanakula alumini na kuziba vijia vya rejeta. Na dukani ukiyaomba kwa jina la “maji ya betri”, hakikisha hupewi asidi. Kuna watu wanasema Tanzania hakuna barafu, kulanti ya nini? Kulanti inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 93 hivi.

Sasa upepo. Paki gari mlimani pua ikiangalia juu, au inua mbele kwa jeki na uweke stendi, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Mimina polepole sana, huku unabinya hozi ya juu kwa mkono. Utasikia inabwabwaja, na maji yatashuka, ongeza. Corolla yangu hunywa kati ya lita 5 na 6. Ikigoma kupokea kiasi kile ulichotoa, bado kuna upepo ndani.

Washa injini mfuniko ukiwa wazi, usikanyage mafuta. Hapa ndipo wengi wanaharakisha, na ndipo kazi yenyewe ilipo. Themostati, vali inayozuia maji kuzunguka kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kabla ya hapo upepo ulio nyuma yake hauna pa kutokea. Inaweza kuchukua dakika 15 au zaidi. Ikifunguka, hozi ya chini inapata joto, maji yanashuka ghafla na mapovu yanapanda. Ongeza kidogo kidogo, uso ukiwa pembeni, maana yanaweza kuruka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, mapovu yakatike, na hita ipulize moto kweli kweli. Mshale ukipita katikati, zima injini, iache ipoe, kisha uanze upya. Usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka. Silinda hedi ya alumini, ile sehemu ya juu ya injini, inapinda.

Mapovu yasipokatika hata baada ya nusu saa, acha kuongeza maji. Huenda gasketi ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua na moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hiyo ni kazi ya fundi.

Yakikatika, funga mfuniko, jaza chupa ya akiba mpaka kati ya mistari miwili, zunguka mtaani kilomita chache. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua tena uangalie. Yangu huwa imeshuka kidogo, naongeza kikombe kimoja.