Ukiandika utawala wa kiimla, anza na taa moja ya dagaa

Vijana wengi wanaoniletea hadithi zao hapa Kirumba, Mwanza, huanza na kamera kila kona na rais asiyeonekana. Nafika ukurasa wa tatu sijaogopa chochote. Utawala wa kiimla unatisha unapokigusa kitu ambacho mhusika anakishika kila siku. Chagua kimoja, ukifuate mpaka mwisho.

Mimi ningechagua taa ya dagaa. Kabla hujaandika, nenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri ukaongee na wavuvi. Watakwambia dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Ukishayajua hayo, serikali yako ya kubuni imepata pa kushika. Isipige marufuku uvuvi. Isajili taa: jioni unaichukua kwa saini, asubuhi unairudisha. Kisha ikataze mtu yeyote kuifungua. Ikiharibika, ipelekwe ofisini. Hapo fundi taa wa pale Makoroboi, mjini, amekuwa mhalifu, pamoja na kijana anayejifunza kwake. Mwisho, kalenda ya mwezi itolewe na ofisi peke yake, na mzee anayetazama angani na kusema kesho kutakuwa na giza la kutosha aweze kufungwa kwa kusema hivyo.

Usidhani natia chumvi. Nchini Romania, mwaka 1983, wenye mashine za kuchapa walilazimishwa kuzisajili polisi na kupeleka sampuli ya herufi zake, ili karatasi ya kuipinga serikali ikiokotwa ijulikane imetoka mashine ipi. Korea Kaskazini redio halali hufungwa kwenye stesheni za serikali tu. Afrika Kusini ya Makaburu ilikaa bila televisheni hadi 1976, na sababu iliyotajwa ilikuwa maadili.

Nasisitiza hapo kwenye sababu kuliko kwingine kote. Lipe katazo sababu ambayo mtu mwema ataikubali. Taa zikisajiliwa, wezi wa injini ziwani watakamatwa; mama anayeanika dagaa, ambaye mwanawe aliporwa injini, aunge mkono kwa moyo wote. Karani naye awe jirani. Aloweshe kidole kwa mate, afunue daftari, aseme, “Shikamoo baba. Leo namba yako haimo,” na aone aibu kweli.

Kuchoma vitabu na kufuta historia, gusia tu; wasomaji wameyaona sana.

Usisahau kwamba maarifa yanayofichwa huharibika. Anayefundishwa gizani, kwa kunong'onezwa, atajua waya upi uunganishwe wapi lakini hatajua kwa nini, na akikutana na taa ya aina nyingine atakwama.

Onyesho la kwanza la kuandika ni hili: taa imezima katikati ya maji, upande wa Ukerewe. Mtumbwini yumo mmoja anayejua kuifungua, na mwingine ambaye hajui kama amwamini. Serikali usiitaje kabisa.