Kuiba Kituo Katika Besiboli: Piga Hesabu Kabla ya Kukimbia

Mkimbiaji aliye kwenye kituo cha kwanza akitaka kuiba cha pili, yaani kukikimbilia mpira unaporushwa bila kusubiri mwenzake aupige, jambo la kupima kwanza si kasi yake, bali ni gharama ya kukamatwa, kwa kuwa zamu ya timu huisha wanapotolewa watu 3. Katika ligi kuu ya Marekani, timu yenye mtu kituo cha kwanza, kabla hajatolewa yeyote, hupata kwa wastani takribani pointi 0.9 hadi zamu yake iishe. Akifaulu kuiba, wastani huo hupanda hadi karibu 1.1, akikamatwa, hushuka hadi karibu 0.3. Faida ni 0.2 na hasara ni 0.6, kwa hiyo asiyefaulu angalau mara 3 katika kila 4 ni heri atulie. Rickey Henderson wa Oakland aliiba vituo 130 mwaka 1982, lakini alikamatwa mara 42, na kwa kipimo hiki rekodi hiyo yenye sifa kubwa iliiongezea timu yake takribani pointi moja tu kwa msimu mzima.

Baada ya hapo, shika saa. Mrushaji akitumia sekunde 1.3 kuufikisha mpira kwa mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, na mdakaji akitumia 2.0 kuutuma kituo cha pili, mkimbiaji anayehitaji 3.4 hana lake. Mrushaji mzito wa sekunde 1.5 ndiye wa kuibiwa. Tangu mwaka 2023, katika ligi hiyo, mrushaji aliyekwisha kuacha kumrushia mpigaji mmoja mara 2 ili kumtishia mkimbiaji hulazimika kumtoa katika jaribio la 3, la sivyo mkimbiaji hupewa kituo cha bure. Subiri hizo mbili ziishe, kisha sogea hatua zaidi kutoka kituoni kabla ya kukimbia.

Pointi moja tu inapohitajika mwishoni, kiwango hulegea hadi karibu mara 6 katika 10. Mwaka 2004, Dave Roberts wa Boston aliiba kituo cha pili katika zamu ya tisa dhidi ya timu ya Yankees, na pigo lililofuata likamrudisha kituo cha nyumbani, ambako pointi hupatikana, kusawazisha. Babe Ruth wa Yankees, aliyekuwa akikamatwa karibu nusu ya majaribio yake, hakufikia hata kiwango hicho: mwaka 1926 alijaribu wakati Yankees wakiwa nyuma kwa pointi moja na wawili wakiwa wameshatolewa, huku Lou Gehrig akisubiri zamu yake ya kupiga. Alikamatwa, na fainali ikaishia hapo.