Mabirimbi yakizidi, yaanike

Mwenye mbirimbi uani anajua: ukizaa, umezaa kweli. Matunda yananing'inia vishada kwenye shina lenyewe, na yakishaiva hayangoji mtu, yanaanguka na kuoza hapo hapo. Achari tunaijua. Lakini kuna namna nyingine, wanayo watu wa Aceh huko Indonesia, na pande hizo za Asia ndiko mti huu ulikotoka. Wao huyaanika kwa chumvi, wakayaita asam sunti.

Chuma yaliyokomaa lakini bado magumu. Osha, futa maji, tandaza kwenye ungo juani. Jioni, yakishalegea, yapakaze chumvi ya mawe uyaingize ndani. Kesho yake yarudishe juani. Endelea hivyo mpaka yasinyae, yawe ya kahawia na yanate kidogo ukiyabonyeza. Tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko, yanakaa miezi. Manne matano yaliyopondwa na kitunguu thomu na pilipili yanatosha sufuria ya mchuzi wa samaki. Chumvi nyingine usitie kabla ya kuonja!

Juisi yake ndiyo ya kuacha. Birimbi lina asidi ya oksaliki nyingi, na huko Kerala, India, madaktari wameandika habari za watu walioharibikiwa figo baada ya kunywa maji yake mazito kama dawa ya kolesteroli. Mwenye ugonjwa wa figo bora asiyaguse kabisa, hata achari.