SOMO: Andika mapema, usingoje kuulizwa barazani (kumbukumbu za ndoa inapovunjika, kwa sisi watu wa korosho)

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, wengi mmenifuata inboksi kuhusu hili nimeona niliweke wazi kila mtu asome. Mimi nasaidia watu kupanga karatasi zao kabla ya kwenda baraza la usuluhishi wa ndoa na mahakamani. Mtu anaingia na uchungu wake wote, anaongea weee, afu anaulizwa swali moja tu, "hiyo ilikuwa lini na nani alikuwepo?", anabaki anaangalia chini. Inaniuma mana'ke haki anayo kabisa ila hana pa kuishikia.

Kwanza mjue sheria inatafuta nini. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama nguvu ya kugawa mali mlizochuma pamoja, na inaangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa pesa, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango, kwa hiyo mama asikubali kuambiwa "wewe si ulikuwa umekaa tu". Ila hiyo kazi lazima uieleze ikaeleweka.

HATUA YA 1: Daftari. Nunua kaunta buku, andika kwa kalamu ya wino, siku ileile jambo lilipotokea. Tarehe, mahali, nani alikuwepo, kimesemwa nini au kimelipwa nini. Basi. Usichane kurasa, ukikosea kata mstari mmoja uandike pembeni. Na usijaze matusi humo, hakimu akisoma kurasa za matusi anapoteza hamu na ya maana pia. Andika hivi: "Jumamosi, nimelipa vibarua wawili palizi ya shamba la bondeni, pesa ya vitumbua vyangu, mashemeji wawili walikuwepo." Hiyo inatosha, tena ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa malalamiko.

HATUA YA 2: Karatasi. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto vya kuzaliwa, karatasi za mauziano ya kiwanja au shamba, risiti za bati na saruji. Toa fotokopi, piga picha kwa simu, afu kopi ziweke nje ya hiyo nyumba, kwa mama yako au dada unayemwamini. Kama kwenu kuna kipigo na daftari nalo lisikae ndani, likionekana linaweza kukuletea balaa.

HATUA YA 3: Korosho. Hapa nakaa zaidi mana'ke ndo mali yetu na ndo panapoumiza. Mnapalilia wawili, mnapuliza salfa (dawa ya mikorosho) wawili, mnaokota na watoto, ila jina kwenye chama cha msingi (ushirika wa wakulima) ni la mmoja na pesa ya mnada inaingia kwenye akaunti ya huyohuyo. Sasa kila msimu andika kilo zilizopelekwa ghalani, jina lililoandikwa kwenye stakabadhi, bei ya mnada, na pesa ilipoingia ilifanya nini (kiwanja? pikipiki? ada?). Stakabadhi ipige picha hata kama si jina lako. Andika pia nani alinunua salfa na nani alilipa vibarua.

Afu kuna hili watu wengi hawalijui. Mikorosho ambayo mwenzio alikuwa nayo kabla ya ndoa, mfano urithi wa baba yake, si kwamba wewe huna neno kabisa. Kifungu hichohicho cha 114 kinasema mali ya kabla ya ndoa ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, na yule mwingine au kwa nguvu ya pamoja, inaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo kama ulikuta mikorosho imezeeka imemezwa na pori, mkafyeka mkapanda mipya, andika mlikuta mingapi, mmepanda mingapi, msimu gani, majirani wa shamba ni nani. Kama ulikuta nyumba ya makuti leo ina bati, hivyohivyo.

HATUA YA 4: Watoto. Nani kalipa nini, sare, dawa, chakula, na nani alimpeleka mtoto hospitali. Matunzo ya mtoto kisheria ni wajibu wa baba. Sasa nyie akina baba mnaotuma nawaomba sana, tumeni kwa simu na muhifadhi meseji ya muamala, msimpe bibi mkononi afu baadae mnalia mmeambiwa hamjatoa hata mia.

HATUA YA 5: Simu. Usifute meseji, hata za zamani. Piga skrini shoti inayoonyesha namba na tarehe, na simu yenyewe usiiuze mpaka mambo yaishe. Simu ya mwenzio usiifungue kwa kuiba namba ya siri, utajitafutia kesi nyingine. Ukipigwa nenda polisi upewe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), utibiwe, ubaki na kopi.

HATUA YA 6: Baraza la usuluhishi wa ndoa. Liwe la kata au la dini, mkishindwa kupatana linatoa hati kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kwenye sheria, bila hati hiyo mahakama haipokei maombi ya talaka, na iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua. Nimeona watu wanaikunja wanaitia sandukuni mwaka mzima, wakiitoa haifai tena, inabidi warudi baraza upya.

MASWALI YENU

Mama wa Tandahimba: Shikamoo mwalimu. Mimi kuandika sijui, mwanangu wa darasa la sita aniandikie?
Jibu: Marahaba mama. Usimpe mtoto, atabeba ugomvi wa wazazi wake kichwani. Tafuta mdogo wako au jirani, akuandikie akusomee, na aweke jina lake kwamba yeye ndo kaandika. Ukiweza jirekodi sauti pia, uanze kwa kutaja tarehe.

Dada wa Kilwa: Mume kaniandikia karatasi ya talaka kanipa mbele ya kaka yangu, nimeshamaliza eda. Anasema imeisha, sina changu.
Jibu: Hiyo karatasi itunze kama roho yako, andika siku uliyopewa na jina la kaka. Kwenye mali haijaisha dada. Nenda baraza upate hati, afu Mahakama ya Mwanzo, mahakama ndo itoe talaka na kugawa mlichochuma.

Dada wa Ruangwa: Je sisi ambao hatukufunga ndoa? Tumekaa miaka sita.
Jibu: Kifungu cha 160 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mnadhaniwa ni wanandoa, labda mwingine athibitishe vinginevyo. Na hata akithibitisha kwamba hamkuoana, mahakama inaweza kuangalia haki zako na za watoto. Tunza kadi za kliniki, karatasi za shule zenye majina yenu wote, picha za misiba na harusi mlizohudhuria pamoja, na orodha ya majirani wa kuwashuhudia.

Kaka wa Newala: Mimi nimejenga kwenye shamba la ukoo wa mke wangu, nyumba ya vyumba vitatu. Wajomba zake wananiambia niondoke na nguo zangu. Risiti nyingi nimetupa.
Jibu: Pole kaka. Ardhi ya ukoo ni ya ukoo, usiigombanie. Wewe thibitisha ulichotia juu yake. Rudi duka ulilonunua bati na saruji, wengine wana vitabu vya zamani, omba kopi. Mtafute fundi aandike alianza lini na ulimlipa kiasi gani, asaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ipige picha nyumba nje na ndani leoleo kabla hujahama, chumba kwa chumba. Na tafuta meseji za zamani ulizotuma pesa ya mchanga na tofali, ukizipata nitumie inboksi nikusaidie kuzipanga kwa tarehe.