Venye utatoa skechi kwa karatasi uipeleke kwa ukuta wa fest bila ipinde

Juzi nilikuwa namsaidia dogo mmoja Dandora na ukuta wake wa kwanza wa graffiti kwa fest ya hip-hop ya mtaa, na maswali yake ni yale yale naulizwa kila mwaka, so wacha niyaweke pahali pamoja.

1. Jiandikishe mapema na useme kama unataka ukuta, maiki ama kudansi. Wenye walipitia WAPI (ile shoo ya Words and Pictures) pale Sarakasi Dome wanajua haya mambo huenda pamoja, maemsii huku, spreyi kule, lakini kila upande uko na mtu wake wa kuongea naye.

2. Ruhusa ya ukuta iwe kwa maandishi, na landilodi awe ameona skechi. Keateka si landilodi.

3. Brashi ya waya, osha, ikauke, alafu andakoti, ile rangi ya kwanza ya chini. Plasta ya juzijuzi usiguse mpaka iishe kama mwezi, rangi itabanduka.

4. Kuhamisha skechi. Hapa ndio watu hukwama siku nzima. Kuna wale wa projekta, lakini hiyo inataka giza na stima, na fest iko mchana. Kuna wale wa kupiga maboksi na rula, sawa, lakini ukuta wa mawe hauna mstari ulionyooka na utachoka kabla uanze. Mimi nasema chorachora: chukua rangi hafifu inayokaribiana na andakoti, jaza ukuta wote alama ovyo, herufi, namba, macho, chochote, bora zisifanane, ju zikifanana utapotea. Usitumie nyekundu, hiyo hupenya juu ya rangi nyeupe hata ukipaka mara mbili. Alafu simama katikati ya ukuta, simu iwe sawa na ukuta, isiinamie juu ama kando, piga picha moja yenye pembe zote nne zinaonekana. Kama ni kichochoro na huwezi rudi nyuma, usikimbilie ile lenzi pana ya simu, inakunja kingo, afadhali upige vipande viwili vinavyopandana kidogo alafu ufanye kila upande peke yake. Ingia kwa programu yoyote ya kuedit yenye leya, yaani unaweza weka picha juu ya nyingine, weka skechi juu ya hiyo picha, punguza uzito wake (opacity) mpaka alama zionekane chini. Sasa unasoma tu: pua inaanzia pale kwa S, kidevu kinaisha chini ya 7. Skechi ikishakaa usiisongeze tena, hata kidogo, na ukiwa na wasaidizi hakikisha wote wako na picha hiyo hiyo.

5. Jaza na rola na emalsheni, ile rangi ya maji, spreyi iwe ya autilaini na vivuli, ukijaza ukuta mzima na makopo utafilisika. Maski ya karatasi haizuii mvuke, nunua ya filta kama ya mafundi wa kupuliza magari, ulizia Kirinyaga Road. Ukipumzika pindua kopo ubonyeze mpaka itoke hewa tupu, ndio kepu ya kupulizia isizibe.

6. Kama pia unashika maiki, biti iwe kwa flashi na kwa simu. Kwa saifa, ile duara ya kurap kwa zamu, ba (mistari) kumi na sita alafu pitisha maiki.

7. Saini weka chini kwa kona, ndogo, na namba ya kazi, ju landilodi wa ploti inayofuata atapita hapo.