Jinsi ya Kupima Afya na Meno ya Wanafunzi Waliokimbia Vita

Tangu kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilipofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo, na hasa Warundi walipomiminika mwaka 2015, shule za mkoa wetu wa Kigoma zimepokea watoto wasio na kadi ya chanjo wala mtu ajuaye waliugua nini. Kwa hiyo, kabla ya kipimo chochote, fungua daftari la darasa na uandike jina, umri wa kukadiria, lugha anayoielewa mtoto na mlezi anayeishi naye.

Macho hupimwa haraka, kwa chati ya herufi E umbali wa mita 6. Kinywa ndicho kinachohitaji subira. Mketishe mtoto akitazama dirisha, umpe kioo kidogo akishike na kujitazama, ndipo umwombe aachame. Usimjie kwa nyuma wala kumkamata kichwa, kwani kuna aliyekwisha kushikwa kwa nguvu na watu waliotaka kumdhuru.

Anza na magego ya kudumu, ambayo huota nyuma ya meno ya utoto mtoto akifikia takriban miaka 6, na ambayo wazazi wengi huyaacha yaoze wakidhani yatang'oka yenyewe. Ukikuta chonge halipo, uliza kwa upole kama aling'olewa "meno ya nailoni", yaani machipukizi ya chonge ambayo wengine hudhani ndiyo yanayoleta ugonjwa, alipokuwa mchanga mwenye homa au kuhara, wala usimkaripie mama.

Tundu dogo halihitaji umeme. Tabibu wa meno hukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha hujaza kwa saruji maalumu itoayo floridi, njia iliyoanzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Lakini shavu likivimba pamoja na homa, au mtoto akishindwa kumeza, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ya kichocho, ugonjwa unaopatikana mwambao wa Ziwa Tanganyika, hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu, na mtoto awe amekula. Wengi huja bila kifungua kinywa, hivyo uji utangulie, na kwangu mimi hili si la hiari.

Mwisho, nakili matokeo kwenye karatasi ya pili na umkabidhi mlezi aihifadhi pamoja na kadi ya posho, kwa sababu familia inaweza kuhamishwa au kurejea kwao kabla ya muhula kwisha, na daftari la shule halitasafiri nayo.