Somo: Kula Majengo, Isli (Eastleigh) na Kariokor siku moja kwa miguu

Wadau, wengi wetu tuko Nairobi miaka yote lakini tunajua tu njia ya kazi, ya mol na ya kurudi keja. Hii ruti haitaki gari. Inataka tu usishibe mapema.

1. Fika Majengo, Pumwani, asubuhi kabla ya saa tatu. Ni mtaa mkongwe, wa tangu miaka ya 1920, na kina mama wa huko wanapika kipwani kabisa. Itisha mahamri na mbaazi za nazi. Mawili tu! Ukichelewa unakuta sufuria imekwanguliwa.

2. Shika General Waruinge, pita hospitali ya Pumwani, nenda mpaka uingie Isli, na miguu ikikataa panda mathree (matatu) ya 6 au 9. Maduka ya nguo yatakuita, wacha, tafuta kwanza kina mama wa maziwa ya ngamia. Mengi yanatoka Isiolo na basi, yakiwa kwa mitungi ya plastiki, na ile harufu ya moshi unayoiskia si kuungua, wafugaji hufukiza vyombo ndio maziwa yakae. Onja yale freshi kabla ya susa, susa imechacha na haina huruma kwa mgeni.

3. Lunch ni hoteli ya Kisomali, wali na nyama ya ngamia ama mbuzi, sahani moja mtu wawili maana wanapakua mlima. Utaletewa ndizi mbivu kando. Watu huiweka ya mwisho kama matunda, hapana, menya, kata kipande, shika na wali tonge moja, chovya kwa ile pilipili ya kijani. Utamu, chumvi na moto vinaingia pamoja na hapo ndio utajua kwa nini watu wa Isli hawaongei wakila. Malizia na chai ya iliki.

4. Kariokor, saa kumi hivi. Chagua mbuzi mwenyewe, ipimwe ikiwa mbichi ukiona mizani, ulizia bei na ugali HAPO HAPO, halafu sasa uende ukaangalie viondo na sandals za ngozi sokoni, maana choma ya haraka ni choma mbichi.

MASWALI

Na usalama? Huko si kwa wezi?
– Ni mji kama mji mwingine. Simu iwe mfuko wa mbele, usipige picha watu bila kuwaomba, na giza likiingia panda gari.

Ijumaa iko sawa?
– Afadhali Jumamosi. Ijumaa mchana watu wako msikitini na maduka mengi yanafungwa. Ramadhani nayo enda baada ya magharibi, Isli ya usiku ndio yenyewe.

Mimi sili nyama, nitalala njaa?
– Wewe ndio wa kukaa Majengo zaidi, mbaazi, chapati, viazi karai. Kariokor utakula ugali na kachumbari ukituangalia tu, pole.

Mbona hujaweka Burma, lile soko la nyama?
– Burma ni siku yake. Choma mara mbili siku moja ni fujo.

Hio ndizi wanailipisha?
– Kawaida inakuja na sahani. Ukitaka ya pili uliza kwanza.